Uwanja Umekamilika, Ndege Ziko Wapi?

Uwanja wa ndege wa mkoani ukikamilika, shangwe haidumu. Siku ya uzinduzi kuna ngoma, kuna magari ya zimamoto yanayoimwagia ndege maji, kuna kiongozi anayekata utepe. Baada ya miezi michache maswali yanaanza, kwanza vijiweni, kisha kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa mkoa huo. Mbona ndege inakuja mara tatu tu kwa wiki? Mbona tiketi ya Dar ni laki tatu na ushee ilhali basi halifiki elfu sitini? Na lile shirika dogo lililokuja kwa mbwembwe, limepotelea wapi?

Majibu yanayotembea huwa matatu: tamaa, hujuma, au siasa. Yote matatu yapo duniani, sikatai. Lakini mara nyingi jibu limekaa kwenye hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuipiga kwa kalamu na kipande cha karatasi, na ambayo wengi wetu hatuipigi kabla ya kuanza kulaumu.

Kwanza tuelewane kwenye maneno machache. Safari za ratiba ni zile zinazotangazwa mapema, siku na saa vinajulikana, na ndege inatakiwa kuondoka hata kama abiria ni wanne. Ndege ya kukodi ni kinyume chake: mtu au kampuni inalipia ndege nzima, na mwenye ndege hajali viti vingapi vimekaliwa. Mashirika madogo mengi ya Afrika Mashariki yanaishi kwa kuchanganya hayo mawili. Kisha kuna ujazo, yaani asilimia ya viti vilivyouzwa kati ya vyote vilivyoruka. Na mwisho kuna kile ninachokiita hapa ujazo wa kukata shauri: asilimia ya viti inayotakiwa kuuzwa ili safari irudishe gharama zake, bila faida na bila hasara. Ukikielewa hiki cha mwisho, umeelewa zaidi ya nusu ya makala haya.

Hiace ya stendi husubiri ijae. Konda anapiga debe, abiria wananung'unika, lakini gari haling'oki mpaka kiti cha mwisho kipate mtu, na kwa hiyo kila safari inaanza ikiwa tayari imejilipa. Ndege ya ratiba haina ruhusa hiyo. Saa ikifika inaondoka, na kiti kilichobaki wazi hakiwekwi stoo kikauzwa kesho. Kimekufa. Biashara yote ya usafiri wa anga ni mapambano ya kuuza kitu kinachokufa kwa saa maalumu.

Sasa tupige hesabu. Tarakimu zinazofuata ni za mfano, nimezikadiria ili tuone mwendo wa jambo, si za shirika lolote. Chukua ndege aina ya ATR 42 yenye viti 48, kwenye njia ya zaidi ya saa moja angani, tuseme kutoka Dar es Salaam kwenda Songea. Weka mafuta, marubani na wahudumu, matengenezo, kodi ya ndege yenyewe, bima, ada za kutua na za kuongozwa angani, halafu mishahara ya watu wa ofisini. Tuseme kwa upande mmoja yote yanafika shilingi milioni 12. Nauli inayobaki mkononi mwa shirika, baada ya kutoa ada za serikali na kamisheni ya wakala, iwe shilingi 300,000. Gawanya: wanahitajika abiria 40. Katika viti 48, hiyo ni asilimia 83.

Asilimia 83 si kiwango cha kujivunia, ni kiwango cha kutopata hasara tu. Chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, kilionyesha kuwa mwaka 2024 mashirika ya Afrika yalijaza takribani asilimia 75 ya viti vyao katika safari za kimataifa, chini kuliko kanda nyingine yoyote ya dunia. Kwa hiyo mfano wetu unaitaka Songea ijaze ndege kuliko wastani wa bara zima, tena kila safari, kwenda na kurudi.

Hapa ndipo linapoingia pendekezo la kila kijiwe: washushe nauli, watu watajaa. Haya, tushushe. Nauli inayobaki kwa shirika iwe 200,000. Abiria wanaohitajika sasa ni 60, na ndege ina viti 48. Ndege imejaa hadi kiti cha mwisho, watu wamekosa nafasi, na shirika limepoteza shilingi milioni 2.4 kwa safari hiyo moja. Ndiyo maana hoja ya "kila nikipanda naikuta imejaa" haithibitishi chochote. Hujui waliokaa wamelipa ngapi, na hujui safari ya kurudi ilikuwaje. Kuna na jambo la kuchekesha kidogo: abiria walio wengi hupanda siku ambazo ndege imejaa. Ndege yenye watu tisa huonwa na watu tisa tu.

Basi tulete ndege ndogo zaidi, wanasema wengine. Cessna Caravan, ile ya injini moja inayoruka sana kwenda Mafia, Pemba na Serengeti, hubeba abiria kama 12. Hata Iringa kwa miaka mingi ilihudumiwa na Caravan za Auric Air. Faida yake ni kwamba safari nzima ina gharama ndogo. Tuseme milioni 4.5 kwa njia ile ile ya Songea. Ukikosa abiria, hasara yako ni ya kuvumilika. Lakini gawanya milioni 4.5 kwa viti 12: kila kiti ni 375,000, hata ndege ikijaa. ATR iliyojaa ilikuwa 250,000 kwa kiti. Ndege ndogo ni nafuu kwa safari na ghali kwa kiti. Ndege kubwa ni ghali kwa safari na nafuu kwa kiti, mradi ipate wa kuvikalia. Uwanja mdogo unajikuta katikati: abiria wake hawatoshi kujaza ndege yenye kiti cha bei nafuu, na hawana pesa ya kutosha kulipia kiti cha ndege inayowatosha.

Caravan nayo ina mambo yake. Mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa, ilhali ATR huenda zaidi ya 500, kwa hiyo kwenye njia ndefu inachosha. Baadhi ya kampuni kubwa za mafuta na migodi zina masharti yanayozuia wafanyakazi wao kupanda ndege ya injini moja, na hao ndio abiria ambao hawaulizi bei.

Nigusie hapa dharau kwa ndege za "panga boi". Kuna wanaoamini kwamba mkoa ukiletewa ndege yenye mapanga badala ya jeti, umeonewa. Kwa njia ya saa moja hivi, ndege ya mapanga kama ATR au Dash 8 hula mafuta kidogo kuliko jeti na hutua kwenye njia fupi zaidi. Airbus A220-300 ya Air Tanzania ina viti 132. Kuipeleka kila siku kwenye mji unaotoa abiria 40 ni kuufukuzia mji huo huduma, si kuupa heshima. Najua ajali ya Precision Air pale Bukoba, Novemba 6, 2022, iliyoua watu 19 kati ya 43 waliokuwamo, iliacha hofu kubwa juu ya ndege hizi. Hofu inaeleweka. Ila usalama haupimwi kwa kuangalia kama injini ina mapanga yanayoonekana au la. Unapimwa kwa matengenezo, mafunzo ya marubani, hali ya hewa na vifaa vilivyopo uwanjani.

Na vifaa vya uwanjani ndivyo vinavyotupeleka kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, halizungumzwi inavyostahili: ratiba.

Abiria anayelipa vizuri ni nani? Ni afisa anayekwenda kikao, mkandarasi, mtu wa benki, daktari bingwa, mfanyabiashara wa korosho au kahawa. Huyu hanunui kiti peke yake, ananunua siku. Anataka kuondoka asubuhi, amalize kazi, alale kwake. Ukimpa ndege Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa nane mchana, umemlazimisha kulala hotelini siku mbili kwa kikao cha saa mbili. Atapanda basi la usiku. Tangu Oktoba 1, 2023 mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliporuhusu mabasi kutembea saa 24, basi linaondoka jioni na kumfikisha asubuhi, na usiku wake wa kulala ameuokoa. Kwa hiyo safari tatu kwa wiki hazileti asilimia 60 ya abiria wanaoletwa na safari tano. Huleta wachache zaidi ya hapo, kwa sababu walio bora ndio wanaoondoka kwanza.

Kuna swali ambalo ningependa waandishi wa habari walizoee: ndege inalala wapi? Ikilala Dar, safari ya kwanza ya asubuhi itatoka Dar kwenda mkoani. Mtu wa Dar anaweza kwenda Songea au Mtwara na kurudi siku hiyo hiyo. Mtu wa Songea hawezi. Ratiba nzima inamtumikia mgeni, na mwenyeji anabaki kusema uwanja si wake. Ili ndege ilale mkoani inahitaji ulinzi, fundi wa kuikagua alfajiri, hoteli ya marubani, na mara nyingi mafuta. Shirika dogo lenye ndege moja au mbili halithubutu, kwa sababu ikiharibika huko kifaa kitatoka Dar au nje ya nchi.

Taa nazo. Viwanja vyetu vingi vya mikoani vilijengwa bila taa za kuongozea ndege usiku, kwa hiyo kazi yote hufanyika kati ya jua kuchomoza na kuzama, kama saa 12 tu. Mashirika ya bei nafuu duniani hujitahidi kuirusha ndege saa 10 hadi 12 kwa siku, maana kodi ya ndege hailali: hulipwa kwa mwezi, iwe ndege imeruka au imeegeshwa. Ukiibana ndege ndani ya mwanga wa jua, halafu ukatoa muda wa kupakia, kushusha na kusubiri mawingu yaondoke, zinabaki saa sita au saba za kuzalisha. Gharama ile ile ya kodi inagawanywa kwa safari chache. Songwe, uwanja wa Mbeya uliofunguliwa Desemba 2012, ulisumbuliwa miaka mingi na ukungu, na ndege ziligeuza njiani au kuahirisha. Abiria mmoja aliyekosa mazishi kwa sababu ya ukungu hasemi kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya. Anasema ndege hazitabiriki, na mwaka mzima anawaambia wenzake hivyo.

Kwa hiyo fedha zinazowekwa kwenye taa na mitambo ya kutulia zinaweza kuzaa kuliko fedha za jengo jipya la abiria lenye vioo. Jengo ndilo linaloonekana kwenye picha, lakini halimpunguzii mwenye ndege hata lita moja ya mafuta.

Mafuta yenyewe yana hadithi yake. Kwenye kiwanja kisicho na bohari ya mafuta ya ndege, Jet A-1, rubani hujaza Dar mafuta ya kwenda na ya kurudi. Mafuta ni mzigo. Ndege inayobeba mafuta ya safari mbili inaweza kulazimika kuacha abiria kadhaa au mizigo yao, hasa kama njia ya kurukia ni fupi au uwanja upo nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi ili kunyanyuka. Viti 48 vya kwenye karatasi vinaweza kuwa 42 kwenye uhalisia. Rudi kwenye hesabu yetu ya abiria 40 uone kilichobaki.

Kisha dola. Tiketi inauzwa kwa shilingi, lakini kodi ya ndege, vipuri, bima na ukarabati wa injini hulipwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa kama shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilipita 2,600, na kulikuwa na miezi ambayo hata ukiwa na shilingi zako, dola zenyewe hazikupatikana kirahisi. Shirika kubwa linaloruka nje ya nchi hukusanya dola kutoka kwa abiria wa huko. Shirika linalobeba watalii kwenda Seronera hulipwa dola. Shirika dogo linaloruka Dar kwenda mikoani halina kisima hicho. Ndiyo maana Caravan nyingi unaziona Zanzibar na Serengeti kuliko Tabora. Mwenye ndege hana chuki na Tabora.

Msimu nao haukwepeki. Bukoba na Moshi mwezi Desemba ni mfano mzuri: kuanzia katikati ya mwezi kila mtu anakwenda nyumbani, ndege zinajaa na nauli inapaa. Watu huita huo wizi. Angalia upande wa pili: ndege hiyo hiyo inarudi Dar ikiwa na abiria wa kuhesabika, na Januari hali inageuka, inakwenda tupu na kurudi imejaa. Nauli ya Desemba inalipia viti viwili, kile ulichokalia na kile kitakachorudi kitupu. Mtwara nayo huchangamka msimu wa korosho, wanunuzi wanapofuata minada, kisha hutulia. Shirika likipanga ratiba yake kwa kuangalia mwezi mzuri, litaumia miezi minane.

Haya yote ni mazito hata kwa shirika kubwa. Kwa dogo kuna moja linaloua haraka: ndege moja. Shirika lenye ndege moja likipata hitilafu Jumanne, Jumatano halina shirika. Kuna abiria wa kurudishiwa fedha, kuna hoteli za kulipia, na ndege ya kukodi kwa dharura hugharimu kuliko tiketi zote zilizouzwa. Hata wakubwa huguswa: Air Tanzania ililazimika kupunguza safari mwishoni mwa 2022 pale A220 zake zilipoegeshwa kwa sababu ya tatizo la injini lililowakumba waendeshaji wengi wa aina hiyo duniani. Ilikuwa na ndege nyingine za kuziba pengo, walau kwa kiasi. Mdogo hana. Juu ya hapo, marubani anaowafundisha kwa gharama kubwa huondoka wakishapata saa za kutosha kuajiriwa kwenye ndege kubwa.

Hapo hakosekani mtu wa kuuliza kuhusu fastjet, shirika la bei nafuu. Kama wao waliuza tiketi kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, wengine wanashindwaje? Fastjet ilianza Novemba 2012 na Airbus A319 zenye viti 156, ikiruka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, miongoni mwa njia zenye abiria wengi nchini. Haikuanza na Mpanda. Bei ya 32,000 ilikuwa ya viti vichache kwa aliyewahi mapema. Aliyekata tiketi wiki ya safari alilipa mara kadhaa ya hapo. Na hata kwa njia hizo nono, iliandamwa na hasara, ikabadilisha ndege kuwa ndogo zaidi, na Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ikatoa notisi ya kusudio la kuizuia ikitaja madeni na ukosefu wa ndege. Safari zikakoma. Fastjet ilitufundisha kweli kwamba Watanzania wengi wangependa kuruka ikiwa bei ni rafiki. Haikutufundisha kwamba bei hiyo inalipa.

Wakati mwingine mshindani mkubwa wa ndege ni lami. Kenya ina mfano unaouma. Uwanja wa Isiolo ulipanuliwa kwa takribani shilingi za Kenya bilioni 2.7 na kuzinduliwa mwaka 2017, kukiwa na matumaini ya miraa ya Meru, watalii wa Samburu na mji mpya wa mapumziko. Safari za ratiba zilipojaribiwa hazikushika. Barabara ya Nairobi hadi Isiolo ni ya lami, si zaidi ya saa tano hivi. Ukiongeza muda wa kufika uwanjani, kusubiri, na foleni ya Nairobi baada ya kutua, ndege inaokoa saa mbili au tatu kwa bei mara kadhaa ya gari. Na ndege za mizigo zilizotarajiwa kubeba miraa zinahitaji njia ndefu kuliko iliyokuwapo.

Linganisha na Lodwar, Turkana. Mji ni mdogo na mkoa ni maskini kuliko mingi, lakini mashirika ya uwanja wa Wilson, Nairobi, yameishikilia njia hiyo miaka na miaka. Barabara ni ndefu mno na kwa muda mrefu ilikuwa mbovu. Kuna kambi ya wakimbizi ya Kakuma iliyoanzishwa 1992, na mashirika ya misaada yanayoizunguka. Mwaka 2012 mafuta yakagunduliwa, na 2013 serikali za kaunti zikaanza, zikaleta maafisa wanaohitajika Nairobi kila mara. Idadi ya watu mjini si kipimo. Kipimo ni wangapi wanaolipiwa tiketi na mtu mwingine, na njia mbadala inaumiza kiasi gani. Kwa kipimo hicho Iringa, kilomita 500 za lami kutoka Dar, ina kazi ngumu kuliko Songea iliyo karibu mara mbili ya umbali huo. Na Dodoma imebadilika kabisa tangu treni ya SGR ilipoanza kufika huko mwishoni mwa Julai 2024: kwa kama saa nne, kutoka jiji moja hadi jingine, wengi hawaoni tena sababu ya kwenda uwanja wa ndege wa Dar, kule Kipawa.

Je, serikali isaidie? Inasaidia tayari, ila kwa njia isiyoonekana. Air Tanzania inakwenda kwenye viwanja ambavyo mfanyabiashara binafsi asingevigusa, na sehemu ya gharama hiyo inaishia kwenye vitabu vyake. Ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, CAG, zilionyesha hasara ya shilingi bilioni 56.64 kwa mwaka 2022/23 na bilioni 91.8 kwa 2023/24. Si yote inatokana na viwanja vidogo, injini za A220 peke yake zilikula sehemu. Lakini tatizo la ruzuku iliyofichwa ndani ya hasara ya shirika ni hilo hasa: hakuna anayejua njia ya Mpanda au Songea inagharimu kiasi gani, na shirika dogo linalotaka kujaribu njia hiyo linashindana na nauli ambayo haijulikani nani anailipia.

Wapo walioiweka wazi. India ilianzisha mpango wa UDAN mwaka 2016. Mashirika yanashindania njia za viwanja vidogo, yanakubali ukomo wa nauli kwa sehemu ya viti, na yanafidiwa pengo kwa miaka mitatu, yakitarajiwa baada ya hapo kusimama yenyewe. Mkaguzi mkuu wa India alipoupima mpango huo mwaka 2023, picha ilikuwa hii: kati ya njia 774 zilizogawiwa, 371 tu ndizo zilizoanza kuruka, kati ya hizo, 112 zilimaliza miaka mitatu, na zilizoendelea baada ya msaada kwisha ni 54. Huu ni uchumi wenye abiria na mashirika mengi kuliko Afrika Mashariki yote, na fidia juu. Nikizisoma tarakimu hizo sioni sababu ya kukata tamaa, 54 si sifuri. Naona sababu ya kuchagua. Nchi yenye viwanja ishirini vya mikoani haiwezi kuahidi ndege ya kila siku kwa vyote. Inaweza kuvichagua vichache, ikatangaza hadharani kiasi inachochangia kwa kila kiti, kwa muda gani, na kwa masharti yapi ya kufika kwa wakati.

Kinachosaidia zaidi ya fedha ni uhakika wa wanunuzi. Mgodi, chuo, hospitali ya rufaa na ofisi ya mkoa vikikubaliana kununua viti kumi na tano kwa kila safari kwa mwaka mzima, hesabu ya abiria 40 inabaki 25, na benki inaanza kumsikiliza mwenye ndege. Kingine ni kuunganisha vituo, Dar kwenda Tabora kisha Kigoma kwa ndege moja. Watu wa Kigoma hulalamika kwamba wanazungushwa, na wana haki ya kuchoka, ila miji miwili iliyogawana ndege moja hupata siku nyingi za safari kuliko kila mmoja angepata peke yake. Na tiketi moja inayomtoa mtu Kigoma hadi Johannesburg au Dubai, mizigo ikiunganishwa, huleta abiria ambao shirika dogo haliwezi kuwapata kwa nguvu zake. Hili linahitaji makubaliano na mashirika makubwa, na makubwa hayakubali mpaka yaone kwamba mdogo anafika kwa wakati.

Shirika jipya litakapotangaza safari za mkoani kwako, hutahitaji kusubiri miezi sita kujua lina uzito gani. Uliza lina ndege ngapi, si ngapi "zinakuja". Uliza kama ndege ni zao, za kukodi, au zimekodiwa pamoja na marubani wake, maana hii ya mwisho ndiyo ghali zaidi na ndiyo inayokatika haraka. Uliza safari ni ngapi kwa wiki na saa ngapi. Tazama kama wanauza nauli ya uzinduzi pekee au wametangaza na nauli ya kawaida. Na kama ndege ni moja, tiketi ya kwenda nyumbani Desemba usiilipie mwezi Juni hata ukishawishiwa kwa punguzo, kwa sababu shirika linaloishiwa fedha huuza kwanza viti vya mbali, na siku likisimama, fedha ya abiria huwa imeshalipia mafuta ya safari ya jana.